Mbuzi Watatu wa Neno la Kigiriki

Nisiwafiche, wenzangu: aibu niliyoipata Makongeni mwanzoni mwa miaka ya themanini niliipika mwenyewe, nikaitia chumvi, nikaipakua na kuila mbele ya watu, na mpaka leo nikipita Jogoo Road nikamwona mtu wa rika langu anacheka peke yake huwa nageuza uso, maana sijui kama ananicheka mimi au ana mambo yake. Wengine huficha aibu zao chini ya godoro. Mimi nimechoka kulalia yangu, inaniumiza mbavu.

Wakati huo nilikuwa kijana wa kiwanda cha sabuni kule Industrial Area, mchana napakia sabuni kwenye maboksi, jioni naoga na kukimbilia kozi ya wahubiri wasaidizi kanisani kwetu. Huko ndiko walikonionjesha Kigiriki cha kale. Ninasema walinionjesha kwa sababu kilikuwa kidogo kweli, alfabeti na maneno ya kuhesabika, lakini mnajua mtu mwenye njaa akionjeshwa mchuzi anavyotembea akijiita mpishi. Nilikuwa nikipanga foleni ya maji pale plotini nawaambia akina mama kwamba "katika lugha ya asili" jambo hili lina maana nyingine, na akina mama wananiambia, sogeza mtungi wako, Wafula.

Kulikuwa na neno moja lililoniteka kabisa. Neno lenyewe ni *praus*. Ni kivumishi, na kwa Kiswahili wamelitafsiri kwa "mpole", lile neno la wapole walioahidiwa nchi pale mlimani. Sasa ukimwambia mtu wa Eastlands "mpole" anamwona yule jamaa anayenyang'anywa nafasi kwenye foleni na kusema asante. Mwalimu wetu alitueleza kwamba Wagiriki wa kale walilitumia kwa upepo unaovuma taratibu, kwa sauti inayotuliza, na zaidi ya yote kwa mnyama aliyefugwa mpaka akauzoea mkono wa mtu: farasi ana nguvu zake zote, hata moja haijapungua, ila amekubali kushikwa. Hilo lilinigusa, haki ya Mungu. Nilitoka darasani nikitembea kama mtu aliyepandishwa cheo.

Halafu lina sura tatu. Kwa kitu cha kiume ni *praus*, kwa cha kike ni *praeia*, kwa kile kisicho kiume wala kike ni *prau*. Kivumishi kinamfuata mwenye jina na kubadilika ili kifanane naye, jambo lisilomshangaza Mswahili, kwani hata sisi tuna mtu mpole na watu wapole (ingawa sisi wa mitaa yetu tukiamka vibaya kila kitu ni "hii" na "hiyo" na maisha yanaendelea).

Basi zamu yangu ya kufundisha ikafika. Kila Jumapili alasiri tulikuwa na ushirika nyumbani kwa mmoja wetu, na Jumapili hiyo ilikuwa kwa Mzee Kioko, karani wa reli, Mkamba wa heshima zake, anayeishi na mkewe na binti yao Mwikali kwenye zile nyumba za wafanyakazi pale Makongeni. Mtu mwenye akili timamu angebeba chaki, ubao mdogo na Biblia, akaridhika. Mimi nikasema la, watu husahau wanachosikia lakini hawasahau wanachokiona, kwa hiyo nitawapelekea neno lenyewe likitembea kwa miguu yake. Nitawapelekea beberu, mbuzi jike, na mbuzi aliyehasiwa! Kiume, kike, na kile kisicho hiki wala kile. Wote wamefugwa, wote wanashikika. Nilicheka peke yangu kitandani kwa jinsi nilivyojiona hodari.

Mbuzi walikuwa wa senge yangu Nekesa, dada ya baba, aliyekuwa amekodi kipande cha ardhi Njiru, na Njiru ya siku hizo ilikuwa machimbo ya mawe, nyasi na upepo. Yule aliyehasiwa alikuwa kipenzi chake. Alimlea kwa chupa baada ya mama yake kufa, akampa jina la mtu, Simiyu, kwa kuwa alizaliwa wakati wa kiangazi, na Simiyu alikuwa akiitwa anakuja, akiambiwa lala analala.

"Unawapeleka wapi?" Senge akaniuliza.

"Kwenye somo, Senge."

"Mbuzi wanasoma siku hizi?"

"Wanafundisha."

Akampapasa Simiyu kichwa. "Wafula, wewe ni mtoto wa kaka yangu na ninakupenda. Simiyu arudi kabla jua halijazama."

Nikawaosha kwa sabuni ya kiwandani mpaka wakang'aa. Nikawafunga utepe shingoni, wa buluu kwa beberu, mwekundu kwa jike, mweupe kwa Simiyu, ili wanafunzi wangu wasichanganye sura za neno. Nikavaa suti yangu ya pekee na tai. Nikashika kamba, nikaanza safari ya kuteremka na Barabara ya Kangundo, vumbi mpaka kwenye meno, lakini kifua mbele.

Sasa hapa ndipo ningesimama nijiulize, kama ningekuwa mtu wa kujiuliza. Nilipofika Jogoo Road vijana waliokaa kwenye ukuta wakanipigia mluzi, mmoja akasema, "Buda, hizo mbuzi ni za kuoa ama za kukula?" Nikamjibu kwa upole wa kihubiri kwamba ni za kufundishia. Wakacheka mpaka mmoja akaanguka kutoka ukutani. Nikawahurumia kwa ujinga wao.

Mbele kidogo nikakutana na akina mama wawili wa ushirika wetu, Wakamba wote wawili, wanaelekea huko huko. Waliposoma ile suti, ile tai, wale mbuzi na zile tepe, wakasimama.

"Ndugu Wafula, Bwana asifiwe. Unawapeleka wapi hao?"

"Amina, mama zangu. Kwa Mzee Kioko."

"Wote watatu?"

"Wote watatu," nikasema. "Haikamiliki bila watatu."

Wakatazamana, mmoja akashika mdomo, halafu, jamani, wakapiga vigelegele pale pale barabarani na kuanza kukimbia na leso zao kuelekea Makongeni, wameniacha na mbuzi wangu. Nami nikajiambia, unaona? Ndivyo watu wanavyolitamani Neno.

Nilipofika, nyumba ya Mzee Kioko ilikuwa imebadilika. Viti vimetolewa nje kwa majirani, watu wamejaa mpaka kwenye ngazi za jirani, kreti ya soda imeletwa, na Mama Mwikali amevaa leso mpya ambayo ilikuwa bado na mikunjo ya dukani. Akanishika mikono yangu yote miwili na machozi yakamtoka. "Mwanangu," akasema. "Mwanangu." Mimi nikafikiri, ikiwa mama huyu analia kabla sijaandika hata herufi moja ubaoni, nikimaliza atakuwaje?

Mzee Kioko akanikalisha kwenye kiti kizuri, kile chenye vitambaa vya kufuma. Akakohoa.

"Hawa mbuzi umeleta kwa hiari yako?"

"Kwa hiari na kwa furaha, Mzee."

"Watu wako wanajua?"

"Senge yangu anajua. Ndiye aliyewafuga."

"Kwetu kijana anakuja na wazee wake."

"Mzee," nikasema, na sauti yangu nilikuwa nimeishusha kidogo kama mwalimu wangu, "jambo hili nimelitafakari mwenyewe kwa muda mrefu. Sikuona haja ya kusumbua wazee."

Akatikisa kichwa polepole, akasema kwamba vijana wa siku hizi ni jasiri, na watu wa kwetu Magharibi wana njia zao, na Mungu ni mmoja. Nikasema amina. Shemeji yake, kaka ya Mama Mwikali, mtu mnene mchangamfu, akachukua kamba mkononi mwangu akisema wageni hawa wenye miguu minne wapelekwe nyuma wakanywe maji. Nikamshukuru.

Kulikuwa na watu wawili tu ambao hawakufurahi, na niliwaelewa wote wawili kinyume. Mwikali alipita na sinia ya chai macho yakiwa mekundu, nikasema ni moshi wa jiko. Na kwenye kona alikaa Musyoka, mchonga vinyago, kijana mkimya mwenye mikono mipana, ameinamisha kichwa hata salamu hakuitika, nami nikasema, huyu ameguswa na Roho.

Nikasimama kufundisha. Na niwaambie ukweli, nilifundisha vizuri! Niliandika *praus* ubaoni kwa herufi zenyewe za Kigiriki, watu wakasema "Aiya!" Nikaeleza maana yake, upepo, sauti, mnyama. Nikasema, "Ndugu zangu, mpole si mtu asiye na nguvu. Mpole ni nguvu iliyokubali kushikwa." Hata Musyoka akainua macho hapo. Nikasema sasa naomba sura ya kwanza, ya kiume, na beberu akaingizwa, utepe wake wa buluu, nikamshika pembe akatulia, watu wakapiga makofi. Nikaomba sura ya pili, ya kike, akaingia, akala kona moja ya kitambaa cha meza, watu wakacheka, nikacheka nao, mambo yanakwenda.

"Na sasa," nikasema nimenyoosha mkono mlangoni, "sura ya tatu!"

Mlango ukafunguka. Shemeji akaingia akitabasamu kwa meno yote, na mikononi ana sinia, na kwenye sinia kuna ini lililochomwa, linatoa moshi, na begani ametundika ule utepe mweupe.

"Hii ndiyo ya tatu," akasema. "Ilikuwa imenona vizuri sana. Kula kwanza wewe, bwana harusi."

Wenzangu, chaki iliniponyoka. Nilisikia ikivunjika sakafuni. Nikamwona Simiyu akinywa chupa, nikamwona Senge akiangalia jua, na lile neno la mwisho likaanza kuniingia taratibu kama maji ya baridi. Bwana harusi.

"Mzee," nikasema, "bwana harusi ni nani?"

Watu wakacheka, wakidhani ni utani wa kihubiri. Mzee Kioko hakucheka. Alikuwa karani, alikuwa amezoea kuona mahesabu yanapokataa.

"Wafula. Kwetu Ukambani msichana haombwi na maneno. Anaombwa na mbuzi. Hiyo inaitwa ntheo. Mbuzi ikiingia kwa mlango wa baba, ikipokelewa, ikachinjwa, huyo msichana ana mwenyewe. Umeleta mbuzi tatu. Umevaa suti. Nimekuuliza kama ni kwa hiari yako mbele ya hawa watu wote. Sasa unaniuliza bwana harusi ni nani?"

Ningeweza kusema uongo na ningeweza kukimbia, na niliyapima yote mawili, lakini mlangoni kulikuwa kumesimama yule shemeji na kisu chake. Nikasema ukweli. Nikasema mimi ni Mluhya, sijui ntheo, mbuzi hawa ni kivumishi. (Ndivyo nilivyosema. "Mzee, hawa mbuzi ni kivumishi." Hili ndilo linalowachekesha watu wa Makongeni mpaka leo.) Nikaonyesha ubao. Nikasema wa kiume, wa kike, na yule aliye kwenye sinia.

Lakini pale pale hakuna aliyecheka. Mama Mwikali alivuta ile leso mpya akajifunika uso. Nilikuwa nimejiona hodari siku nzima, na kwa mara ya kwanza nilimwona huyu mama, mtu mzima, aliyekwisha pigiwa vigelegele na majirani wote, na sasa majirani hao hao walikuwa wanaangalia viatu vyao. Nilitamani sakafu ipasuke. Na Mzee Kioko akasimama, akasema damu imemwagika mlangoni pake, na hawezi kumwambia mtu yeyote kwamba binti yake aliombwa na kukataliwa katika alasiri moja, kwa hiyo ama nimuoe au atajua la kunifanya, na habari ya Wagiriki asiisikie tena.

Hapo ndipo nilipomtazama Musyoka nikaelewa ile kona. Alikuwa ameinuka nusu, ameketi tena, ameinuka. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba yeye na Mwikali walikuwa wamekubaliana zamani, ila mbuzi alizokuwa ameziweka kwa mama yake Ukambani zilikufa na ukame, akaanza upya, na kila Krismasi anasema Krismasi ijayo, mpaka Mzee Kioko akachoka kumsikia. Ndiyo maana mbuzi wangu walipokelewa haraka vile. Walimkuta mzee aliyechoka kungoja.

Mwikali akatoka jikoni. Aliweka sinia ya vikombe chini, akapangusa mikono.

"Baba, naomba niseme."

"Sema."

Hakusema na baba yake. Alisema na mimi. "Ndugu Wafula, hilo neno lako nililisikia lote nikiwa pale mlangoni. Umesema ni nguvu iliyokubali kushikwa."

"Ndiyo, dada."

"Basi kubali kushikwa. Hawa mbuzi wameshaingia na hawawezi kutoka. Mmoja tutamla. Lakini mwenyewe bado hajajulikana, kwa sababu wewe umekana. Mpe Musyoka."

Nyumba nzima ilinigeukia. Nikafikiria suti yangu, kozi yangu, jinsi nilivyotarajia kutoka hapo nimebebwa juu juu. Nikafikiria Senge, nikaacha haraka. Nikachukua kamba ya beberu na kamba ya jike, nikavuka chumba nikaziweka kwenye ile mikono mipana, nikasema kwa sauti ambayo haikufanana hata kidogo na ya mwalimu wangu, "Ndugu yangu, ni wako. Nilikuletea tu."

Musyoka alizishika kamba, kisha huyu mtu mkimya akaanza kulia waziwazi bila kujificha, akageuka akapiga magoti mbele ya Mzee Kioko akisema mbuzi zake tatu ziko kwa mama yake, zimekua, alikuwa anangoja Desemba tu, na atamlipa senge yangu hizo hizo. Mzee akamwinua. Halafu akachukua ini kutoka kwenye sinia, akakata kipande, akampa Musyoka mkononi. Mama Mwikali akafunua uso. Na vile vigelegele vilivyorudi, jamani, vilikuwa vikubwa kuliko vya kwanza, watu wakashikana wakacheza mpaka ubao wangu ukaanguka na Kigiriki changu kikakanyagwa na wote.

Mimi nikapewa kazi. Kwa kuwa nimeleta mbuzi wa mtu mwingine, shemeji akatangaza, basi mimi ni mchungaji wa mbuzi wa Musyoka, na mchungaji wa mbuzi hukaa nje na wanyama. Nilikaa nje na suti yangu, nikala nyama ya Simiyu kwenye sahani ya bati, ambayo ilikuwa tamu sana, na hilo liliniuma zaidi. Akina mama wa Jogoo Road walipita wakiniamkia, "Mchungaji hujambo?" na kila mmoja alijua wazi wanamaanisha mchungaji wa aina gani.

Kufika Njiru nimeshika kamba moja ya Simiyu, haina kitu, ni jambo ambalo sitalisimulia lote. Senge hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Simiyu?" nami nikasema, "Ameoa, Senge. Yaani, ameozesha." Akaingia ndani akafunga mlango, nikalala kwenye zizi.

Musyoka ni mtu wa neno lake. Baada ya Krismasi alizileta mbuzi tatu kama alivyoahidi, na harusi yake na Mwikali ilikuwa nzuri (nilialikwa, nikaambiwa nije mikono mitupu). Lakini zile mbuzi, wenzangu, zilikuwa za vilima vya Ukambani, hazijawahi kuona kamba tangu zizaliwe. Ukizikaribia zinapanda mawe, ukizishika zinakuvuta. Senge alizitazama siku moja nzima, kisha akaniita.

"Wewe ndiye unajua neno la kufuga mnyama mpaka auzoee mkono. Kila Jumapili utakuja hapa kunifugia hawa mpaka wawe kama Simiyu."

"Senge, Jumapili nina ushirika."

"Ushirika wako ni huu."

Nikazifuga. Nimeburutwa kwenye miiba ya Njiru, nimepigwa teke la goti, nimekimbizana na beberu mpaka kwenye machimbo huku vibarua wa mawe wakipiga makofi, na ilichukua misimu miwili ya mvua kabla ya hata mmoja wao kukubali kula mkononi mwangu. Siku aliyokubali nilikaa kwenye nyasi nikalia kama mtoto, Senge akaniletea chai, na ndipo nikajua nimesamehewa.

Bado ninafundisha, msidhani niliacha. Nikialikwa kwa watu naenda, iwe ni kwa Mkamba, kwa Mluo au kwa Mgikuyu, na *praus* ninalieleza vizuri kuliko zamani. Lakini nimeapa, na kiapo nitazikwa nacho: kabla sijavuka mlango wa mtu nauliza kwanza kwao kitu gani kinamaanisha nini, na hata nikiulizwa mara ngapi kama nimebeba chochote, jibu langu ni chaki tu.